Kinga Ina Mizani

Kukinga ni kitenzi kongwe chenye sura mbili. Mtu hukinga jua kwa kiganja, na hapo maana yake ni kuzuia. Mtu huyo huyo hukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya mchirizi wa paa, na hapo maana yake ni kupokea kinachoanguka ili kisipotee wala kisichimbe ardhi. Sura ya pili naipenda zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kipimo: anayekinga maji hutazama ndoo, akaiondoa inapojaa. Neno lenye upana huo lilipotwaliwa kutaja uwezo wa mwili wa kukabili maradhi, lilipewa kazi inayolistahili. Kisha, katika miaka ya 1980, kikaja kifupisho cha UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, nacho kikalifikisha neno hilo kila kitongoji.

Neno kinga, basi, silo ninalolilalamikia. Ninamlalamikia askari aliyesimamishwa mbele yake.

Kila aliyesoma sayansi ya shule ya msingi anamjua. Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Viini vya maradhi ni maadui wavamizi. Homa ni vita. Kupona ni ushindi. Mfano huo una faida zake kwa mtoto wa miaka kumi, naye huukumbuka hata baada ya kusahau mengine yote. Lakini lugha ikibaki hapo, mtu mzima anabaki na picha yenye nusu moja tu. Askari katika mfano huo hupigwa, huua, huzidishwa idadi. Hakuna mahali anapoamriwa kurudi kambini. Ilhali sayansi ya miaka hii, hasa iliyopatikana katika uchunguzi wa ugonjwa wa influenza, inatuonyesha kuwa sehemu kubwa ya kazi ya kinga ni kujizuia.

Nasema influenza kwa makusudi, nikiomba radhi kwa wanaochukia maneno ya kukopa. Wengi wetu tunaiita mafua, na mafua kwetu ni kamasi na chafya za siku tatu. “Ni mafua tu,” tunasema, na kwa hiyo tu tunauweka ugonjwa uliofagia dunia mwaka 1918 katika kapu moja na ule wa kupenga kamasi. Tulipotaka kusema jambo zito tuliongeza mnyama: mafua ya ndege, mafua ya nguruwe. Influenza yenyewe kwa Kitaliano ni athari, maana wazee wa huko waliamini kuwa nyota ndizo zilizowashushia watu maradhi hayo. Nitalitumia neno hilo hadi tutakapokuwa na letu lisiloupunguza ugonjwa.

Kirusi cha influenza kina vipande 8 tu vya maandishi ya kurithi, vilivyoandikwa kwa kemikali iitwayo RNA. Kinapovutwa puani na kuingia katika seli zinazotandika njia ya hewa, hakimkuti askari yeyote. Kinaikuta seli ya kawaida, mwenye nyumba asiye na silaha. Hata hivyo seli hiyo ina vitambuzi vyake. Kimoja huitwa RIG-I, nacho hukaa ndani ya ute wa seli kikipapasa ncha za RNA: RNA yetu wenyewe huwa imevikwa kofia kwenye ncha yake, na ile ya kirusi huja na ncha tupu yenye alama ya ugeni. Kingine ni cha jamii iitwayo Toll.

Hapa msomaji wa ukurasa wa lugha anivumilie kidogo. Jina Toll lilitoka Ujerumani, katika maabara ya Christiane Nüsslein-Volhard, kwa uchunguzi wa inzi wadogo wa matunda. Ni neno la Kijerumani la mshangao, sisi tungesema “Makubwa!” Baadaye, mwaka 1996, Jules Hoffmann na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kuwa jeni hiyo ya mshangao humlinda inzi dhidi ya kuvu, na mwaka 2011 Hoffmann na Bruce Beutler walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ralph Steinman. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kuwa istilahi za sayansi hushuka zimeiva, na kwamba Kiswahili pekee ndicho kinachohangaika. Wenzetu nao hushangaa, wakaandika mshangao wao daftarini, na dunia ikauita istilahi.

Kitambuzi kikigusa RNA ngeni, seli hutoa ujumbe kwa majirani. Ujumbe mkuu ni interferoni. Ulivumbuliwa mwaka 1957 jijini London na Alick Isaacs, Mskoti, na Jean Lindenmann, Mswisi, na waliufanyia kazi hiyo hiyo ya influenza. Walichukua utando wa mayai ya kuku, wakauloweka pamoja na virusi vya influenza vilivyouawa kwa joto, kisha wakayachota yale maji na kuyaweka juu ya utando mwingine mbichi. Utando huo wa pili ulikataa kukuza virusi vilivyo hai. Kulikuwa na kitu majini kinachoingilia kazi ya kirusi, nao wakakiita kwa kitenzi cha kuingilia. Leo tunajua kuwa interferoni ikiigusa seli jirani huziamsha jeni kwa mamia: za kukata RNA, za kusimamisha uundaji wa protini, za kukinasa kirusi mlangoni. Na kirusi nacho hakikukaa kimya. Kina protini iitwayo NS1, ambayo kazi yake kubwa ni kuuziba mdomo wa seli isipige kelele.

Hadi hapa, ukiutazama mfano wetu, ni mwito wa jirani kwa jirani. Askari wanakuja baadaye. Nao wakija, mwenye nyumba huanza kuumia.

Maumivu ya viungo, baridi ya mifupa, uchovu wa kushindwa kuinua kikombe: tumezoea kuyaita dalili za kirusi. Kwa sehemu kubwa ni dalili za mwili wenyewe. Ushahidi wake ni mwepesi kueleza. Kwa miaka mingi wagonjwa wa homa ya ini ya aina ya C walitibiwa kwa sindano za interferoni, na baada ya sindano wengi wao walilala na homa, maumivu na baridi za influenza kamili, bila kirusi cha influenza hata kimoja mwilini. Ujumbe peke yake ulitosha kuwaangusha.

Mapafu ndiyo mahali hatari zaidi kwa ujumbe huo kukithiri. Ukuta unaotenganisha hewa na damu katika vifuko vya hewa ni mwembamba mno kuliko karatasi hii ninayoandikia. Uwako kwa kiasi, mishipa ilegee ili wasaidizi wapite, ni sawa. Uwake bila kiasi, maji ya damu yavuje na kuujaza mfuko uliokusudiwa hewa, mgonjwa atazama akiwa kitandani. Mwaka 1997, Hong Kong, influenza ya ndege ya aina ya H5N1 iliwapata watu 18, ikawaua 6, na uchunguzi wa wagonjwa wa aina hiyo uliofuata uliona damu yao imejaa jumbe za uchochezi kupita kiasi. Mwaka 2005 wanasayansi wa Marekani walikiunda upya kirusi cha 1918 kutokana na mabaki ya wafu, na miaka miwili baadaye nyani waliopewa kirusi hicho walionyesha mwitikio uliopotoka, mkali na usiopoa. Janga la 1918 liliwaua vijana wa miaka 20 hadi 40 kwa wingi usio wa kawaida, watu ambao kwa mfano wetu wa askari walikuwa na jeshi lililo bora. Nisitie chumvi: wengi wa wafu wale walimalizwa na vichomi vya bakteria vilivyofuata nyuma ya influenza. Lakini hata bakteria hao walikuta njia imeshafunguliwa, kwani mwili ulioshughulikia kirusi kwa interferoni nyingi hulegea mbele ya bakteria.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwili hujizuiaje?

Katika vifuko vya hewa hukaa seli ziitwazo makrofaji, jina la Kigiriki lenye maana ya walaji wakubwa. Humeza vumbi, moshi, mbegu za kuvu, mchana na usiku, na kama kila chembe ya vumbi ingewafanya wapige mbiu, tusingeweza kukaa barabarani Kariakoo kwa robo saa bila kulazwa. Hawapigi mbiu kwa sababu wanashikwa mkono. Seli zinazotandika njia ya hewa zimebeba juu yake protini iitwayo CD200, na makrofaji wana mahali pa kuipokea. Kugusana huko ni kama neno la kila dakika: tulia, tulia. Mwaka 2008 watafiti wa London walieleza yaliyowapata panya waliozaliwa bila CD200. Walipoambukizwa influenza waliugua vibaya kuliko wenzao, uwako wa mapafu ukachelewa kupoa. Tazama uzuri wa jambo hili. Seli ya ukuta ikiharibiwa na kirusi, ule mkono hutoweka pamoja nayo, na makrofaji huachiwa huru mahali pale pale palipo na uharibifu, si kwingine. Hakuna jemadari anayetoa amri kutoka juu.

Kuna kizuizi kingine ambacho, kwa mwalimu wa ushairi, ni kitamu zaidi. Interferoni inapobisha hodi kwenye seli, ujumbe ule ule unaoamsha jeni za ulinzi huziamsha pia jeni za protini za jamii ya SOCS. Kazi ya protini hizo ni kuifunga njia uliyopitia ujumbe. Yaani kila mwito huja umebeba ndani yake kikomo chake. Zipo pia jumbe za kutuliza, kama interlukini-10. Mwaka 2009 ilionekana kuwa seli za kinga ya kujifunza zinapofika mapafuni mwa panya kuziua seli zilizoambukizwa, zenyewe humwaga interlukini-10 kwa wingi zikiwa kazini. Walipoizuia isifanye kazi, panya walikufa kwa uwako. Muuaji na mtulizaji walikuwa seli moja kwa wakati mmoja. Mwisho huja usafishaji, makrofaji wakiwameza wasaidizi waliokufa kabla hawajapasuka na kumwaga sumu zao, na ukuta huanza kujengwa upya. Hapo interferoni iliyokuwa rafiki siku ya kwanza hugeuka kero: tafiti za mwaka 2020 zilionyesha kuwa ikiendelea kutiririka wakati wa ujenzi, huzizuia seli za mapafu zisigawanyike na kuliziba pengo.

Mfano wa askari hauwezi kubeba haya. Mfano ninaouona ukiyabeba tunao nyumbani kwetu, nao ni shairi. Mshororo wa mizani 16 hauna polisi anayesimama mwishoni kumzuia malenga asiende kwenye ya 17. Kizuizi kimo ndani ya mshororo tangu silabi ya kwanza. Kina cha kati kinapotamkwa, sikio limeshajua umbali uliobaki. Beti nayo ina kituo. Malenga mwenye maneno mengi na asiye na mizani hatumwiti hodari, tunamwita mropokaji. (Wenzangu wa mashairi huru wasinune, nao wana vipimo vyao, na ugomvi ule tuuache ulale.) Kwa hiyo naona ni halali kusema kuwa kinga ina mizani. Na neno hilo lina bahati ya kuwa pia chombo cha sokoni, chenye sahani mbili, kwa wale wasiosoma mashairi.

Huenda msomaji akaniona ninacheza na maneno. Naomba nieleze jambo la nyumbani, kwa ufupi. Binti wa ndugu yangu ana lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe. Kwa wagonjwa wengi wa lupasi zile jeni zinazoamshwa na interferoni hukutwa ziko macho, kana kwamba kuna virusi vya kupigwa, na havipo. Ni mwito uliokosa kituo. Hospitalini aliambiwa kwa Kiswahili kwamba ana “tatizo la kinga”, akapewa vidonge vya kuituliza. Nje ya hospitali alikutana na muuzaji wa unga wa mitishamba, aliyemwahidi “kuongeza kinga”. Akaacha vidonge, akala unga. Figo zikaathirika, akalazwa wiki tatu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: “Baba mdogo, si walisema kinga yangu ina tatizo? Tatizo la kinga si upungufu? Basi mimi nikaiongeza.”

Sikuwa na la kumjibu, maana kwa lugha aliyopewa alifikiri sawasawa. Kifupisho cha UKIMWI kilitufundisha, na kilifanya kazi yake vyema, kuwa kinga ina ila moja, nayo ni kupungua. Mfano wa askari ukatia mhuri: askari hawazidi. Hatukuunda neno la upande wa pili wa mizani. Wakati wa UVIKO-19 niliwasikia watu wenye shahada wakihimizana kwa tangawizi, malimau na kujifukiza ili “kupandisha kinga”, kama vile kinga ni maji ya tangi. Tangawizi haina neno, hata mimi naitia kwenye chai. Lakini wagonjwa waliokuwa wakizidiwa wodini, wengi wao walikuwa wamefika mahali ambapo kinga imepanda mno. Mwaka 2020 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayoipunguza kinga makali, iliokoa maisha ya waliokuwa wakihitaji oksijeni, na haikuwasaidia wasioihitaji.

Wala isidhaniwe kuwa dawa ni kuishusha tu. Kwa wagonjwa wa influenza waliolazwa, tafiti nyingi za ufuatiliaji ziliona vifo vingi zaidi kwa waliopewa dawa za jamii hiyo hiyo ya steroidi. Aliyekatiza mshororo kwenye mizani ya 9 naye ameuharibu, sawa na aliyeupitisha. Jambo ni lini, wapi na kwa kiasi gani, na Kiswahili kinachojua kusema kupandisha na kushusha tu hakiwezi kumweleza mgonjwa hilo.

Nina mapendekezo matatu ya istilahi, na nayaweka hapa ili yapigwe.

La kwanza, kudhibiti. Ndilo neno linalotumika sana kwa kazi hii, na silikatai, ila lina harufu ya ofisi: bei hudhibitiwa, ghasia hudhibitiwa, daima na mtu aliye nje ya kinachodhibitiwa. Mwili hujizuia kutoka ndani. Napendekeza kukadiri, na jina lake ukadirifu. Kusema “ukadirifu wa kinga” ni kusema kuwa kinga inajipimia.

La pili ni uvimbe. Daktari akisema mgonjwa ana uvimbe mapafuni, familia nzima hulia saratani, kwa sababu neno hilo hilo ndilo tunalotumia kwa vinyama vinavyoota mwilini. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja alama nne za hali hii: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe ni moja kati ya nne, nasi tumeipa cheo cha zote. Wapo wanaosema mwako, nami nimelitumia neno la ukoo huo, uwako, katika makala haya yote bila kuomba ruhusa. Moto huwaka, hupikia, huunguza, na hupunguzwa kuni.

La tatu, “tatizo la kinga”. Nawaomba wauguzi na matabibu wanaosoma ukurasa huu waliache, hata kabla wanalugha hatujakubaliana. Wamwambie mgonjwa kama huyu wa kwetu kuwa kinga yake imekithiri. Ni neno fupi, lipo kwenye kamusi, na muuzaji wa unga hawezi kuliuzia kitu.